Gari Lililolala

Kwenye faili la gari langu kuna pengo. Kuanzia 1987, mwaka gari lilipotoka kiwandani, hadi 2004, kila mwaka una karatasi yake: oili na filta, plagi, mafuta ya breki, marekebisho ya valvu, mikanda ya taimingi (ile inayozifungua na kuzifunga valvu kwa wakati wake). Karatasi nyingine zina alama za vidole vya grisi pembeni, na mimi huzipenda hizo kuliko zile safi. Halafu karatasi zinakatika. Miaka mingi baadaye inatokea moja peke yake, inayosema mikanda imebadilishwa, na baada ya hapo hakuna kitu mpaka siku niliponunua. Kati ya karatasi hiyo na siku ya kununua gari lilikuwa limetembea kilomita 412. Ilikuwa imepita miaka 9.

Niliposoma faili mara ya kwanza niliziona zile kilomita 412, nikafurahi. Miaka 9 sikuiona. Makala haya yote ni kuhusu miaka hiyo.

Gari lenyewe ni Ferrari 328 GTS. Nililitamani tangu nikiwa mdogo, lakini nilipofika umri wa kununua nilifanya pia hesabu, na hesabu ndiyo iliyoamua. Ukoo wa gari hili unaanza 1975, pale 308 GTB ilipoonyeshwa Paris ikiwa na umbo lililochorwa na Pininfarina. Mwaka 1985 ikaja 328: umbo lilelile limelainishwa, injini ya V8 imekuzwa hadi sentimita za ujazo 3,185, valvu 32, nguvu za farasi 270. Zilitengenezwa GTS 6,068, zenye kipande cha paa kinachotoka, na GTB 1,344 zenye paa zima. Kwa gari la aina hii idadi hiyo ni kubwa, na ukubwa wake una maana moja ya muhimu kwa mnunuzi mgeni: spea bado zipo, na mafundi waliowahi kulifungua bado wapo.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi injini ilivyokaa. Imekingama nyuma ya viti, na mikanda yake ya taimingi iko upande wa kulia, unaifikia ukivua gurudumu la nyuma na kifuniko cha ndani ya madigadi. Kwenye 348 iliyofuata mwaka 1989, na F355 iliyokuja 1994, injini iligeuzwa ikakaa kwa urefu, mikanda ikaelekea kwenye ukuta wa nyuma ya viti. Pale kubadilisha mkanda ni kushusha injini nzima. Nimewahi kukaa ndani ya F355, nikasikia valvu zake 40 zikipanda pamoja, na siku hiyo nilirudi nyumbani kimya. Hata hivyo sikuinunua. Mtu anayeingia kwenye magari haya kwa mara ya kwanza anahitaji gari ambalo kazi yake ya kawaida inabaki kuwa kazi ya kawaida. F355 inajulikana pia kwa manifoldi za ekzosi (mabomba yanayokusanya moshi wa injini) zinazopasuka, na miongozo ya valvu, vijibomba ambamo valvu hupanda na kushuka, inayoliwa mapema. Nikikutana na matatizo hayo bila uzoefu wowote, nilijua ningeliuza kwa hasira ndani ya mwaka mmoja.

Kabla ya kununua nilimtafuta fundi mzee aliyeyashughulikia magari haya kwa miaka mingi, nikamlipa aje kulikagua. Kama kuna pesa moja ambayo nisingeirudisha mfukoni hata leo, ni ile. Kazi ilichukua siku nzima. Alianza na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, akaipitisha polepole kwenye bodi: inapong'ang'ania kuna chuma, inapoteleza kuna puti, na puti ina historia yake. Akalinganisha namba ya chasisi na namba ya injini na zile za kwenye hati. Akatoa plagi zote 8 akapima kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, silinda moja baada ya nyingine, akiandika kwenye karatasi bila kusema neno.

Kipimo cha pili ndicho kilichonifundisha zaidi. Unaiweka pistoni juu, valvu zote za silinda hiyo zikiwa zimefungwa, unasukuma hewa yenye presha kupitia tundu la plagi, kisha unasoma kiasi kinachovuja na unasikiliza kinavujia wapi. Ukisikia mvumo kwenye ekzosi, valvu ya kutolea haifungi vizuri. Ukiusikia kwenye mdomo wa kujazia oili, ringi za pistoni zimechoka. Mapovu kwenye maji ya kupoozea yanakuambia kuhusu gasketi ya silinda hedi, kizibo kilicho kati ya kichwa cha injini na mwili wake. Tulisikiliza silinda zote 8, mimi na yeye, masikio yakiwa karibu na injini kama watu wanaosikiliza kifua cha mgonjwa. Injini ilikuwa nzima.

Nilishaanza kutabasamu. Yeye akachuchumaa, akabonyeza bomba moja la mpira kwa kidole gumba, akaliacha, akalibonyeza tena.

"Mwanangu, hili gari limelala."

"Si ndiyo sifa yake, mzee? Kilomita 31,000 tu kwa miaka yote hiyo."

"Gari halilali bure. Muda wote huo linakusanya deni, na atakayelilipa ni atakayelinunua. Ningekuwa wewe ningetafuta lenye kilomita 80,000 linaloendeshwa kila wiki."

Nilinunua lilelile. Sikumdharau. Nilidhani tu kwamba deni hilo ni dogo, na kwamba mpira ni mpira, unabadilishwa mchana mmoja mambo yanaisha.

Sasa nieleze deni hilo lina nini ndani yake, kwa sababu hapa ndipo wanunuzi wengi wageni tunapoumia. Gari linaposimama, chuma kinastahimili. Vinavyokufa ni vitu laini vinavyokizunguka. Sili za injini na giaboksi zinahitaji kulowana oili. Lisipowashwa kwa muda mrefu oili yote inashuka chini, midomo ya sili inakauka na kuwa migumu, na siku shafti inapoanza kuzunguka tena hawezi mtu kuizuia oili isipenye. Mafuta ya breki huvuta unyevu kutoka hewani. Unyevu huo unashusha joto la kuchemka kwake, na taratibu unatia kutu ndani ya kalipa, kifaa kinachobana diski ya breki, hadi pistoni zake zinagoma kurudi. Ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi hata kama gari halijasogea. Petroli iliyokaa inachacha, inaacha utando kama gundi kila inapopita. Ikiwa imechanganywa na ethanoli, inavuta maji na kuishambulia mipira ya zamani ambayo haikutengenezwa kwa mafuta ya namna hiyo.

Halafu tairi. Zangu zilikuwa na kashata za kupendeza, ungesema zimefungwa jana. Fundi akaniambia nisome ubavuni: tairi zilizotengenezwa tangu 2000 zina tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zangu zilisomeka 1407. Wiki ya 14 ya mwaka 2007. Nilizigonga kwa kucha zikalia kama plastiki. Tairi za namna hiyo zinaweza kukubeba vizuri kwenye barabara kavu iliyonyooka, kisha zikakuacha kwenye kona ya kwanza yenye maji. Zilikuwa kitu cha kwanza kubadilishwa, na mtu yeyote anayenunua gari la namna hii asiliendeshe hata kulipeleka nyumbani kabla hajazisoma zile tarakimu.

Wiki ya tatu nilisikia harufu ya petroli.

Nilikuwa nimesimama kwenye taa. Harufu ilikuwa hafifu, ya kudhaniwa, ile ambayo mtu hujiambia imetoka kwenye gari la mbele. Nikazima injini palepale, nikafungua kifuniko cha nyuma. Bomba moja la mpira la petroli lilikuwa limepata ufa mwembamba kwenye kibano, na unyevu ulikuwa unang'aa juu yake. Chini ya bomba hilo, si mbali, ndipo zinapopita njia za ekzosi zenye joto kali. Mfumo wa petroli wa gari hili unafanya kazi kwa presha ya takriban bar 5, kwa hiyo ufa mwembamba unaweza kugeuka kinyunyizio. Magari mengi ya aina hii yenye injini katikati yameteketea hivyo, kwa kipande cha mpira ambacho thamani yake ukilinganisha na gari haitajiki. Gari lilibebwa juu ya lori hadi gereji, na mabomba yote ya petroli yakabadilishwa, kuanzia matenki mawili yaliyoko ubavuni hadi kwenye injini. Tangu siku hiyo kizimamoto kinakaa mbele ya kiti cha abiria ambapo mkono unakifikia. Nalisema hili kwa uzito wote nilio nao: ukinunua gari la umri huu na hujui mabomba ya petroli yana miaka mingapi, yahesabu kuwa yamekufa.

Mikanda ya taimingi ikafuata. Fundi alikuwa ameshaniambia siku ya ukaguzi, na mimi nilikuwa nimejipa miezi sita kwa sababu ya zile kilomita 412. Baada ya tukio la petroli sikungoja tena. Kwenye injini hii kuna mikanda miwili, na kila mmoja unazungusha kamshafti mbili, zile shafti zinazofungua valvu. Ndiyo inayohakikisha valvu zinafunguka na kufunga kwa wakati wake, pistoni inapopanda isizikute njiani. Mkanda ukikatika, kamshafti zake zinasimama palepale, lakini krankishafti, shafti kuu iliyounganishwa na pistoni, bado inazunguka, na pistoni zinapanda kuzigonga valvu zilizobaki wazi. Sauti hiyo inachukua chini ya sekunde moja. Baada yake unajenga injini upya.

Mkanda hauchoki kwa safari pekee. Gari likisimama, unabaki umevutwa na kukunjwa mahali palepale, mwezi baada ya mwezi, mpira wake ukikauka. Ndiyo maana wanaolijua gari hili wanahesabu miaka, 3 hadi 5, hata kama kilomita ni chache. Tulipoitoa ya kwangu ilionekana mizuri. Nikaanza kufikiri nimepoteza pesa. Fundi akaushika mmoja, akaukunja kinyumenyume, na kwenye mizizi ya meno ukatokea mstari wa nyufa ndogondogo, kama udongo wa bwawa lililokauka. Kisha akanipa beringi ya kukazia mkanda niizungushe kwa kidole. Ilikuwa inakwama kidogo kila baada ya robo mzunguko. Karatasi ile ya upweke kwenye faili ilisema "mikanda". Haikusema "beringi". Huko nyuma mtu alifanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ilikuwa inangoja. Tukabadilisha vyote, na sili ya pampu ya maji pamoja, kwa kuwa tulishafika.

Tangu hapo nasoma faili la gari kama wakili anavyosoma mkataba: naangalia kilichoandikwa, na kisha naangalia kilichopaswa kuandikwa kando yake.

Tatizo lililochukua muda mrefu kuliko yote lilikuwa la petroli pia, ila la namna nyingine. Gari liliwaka vizuri likiwa baridi, likipata moto linakohoa na kuzima. Mfumo wake ni K-Jetronic wa Bosch, na ningependa kila mwenye gari la miaka ile auelewe, kwa sababu ukiuelewa utaupenda. Hauna kompyuta ya kuamua dozi. Hewa inayovutwa na injini inanyanyua sahani ya duara. Sahani inasukuma pini iliyo ndani ya kigawanyio cha mafuta, na kadiri pini inavyopanda ndivyo petroli nyingi zaidi inavyopita kwenda kwenye nozeli, ambazo hunyunyiza mfululizo bila kukatika. Hewa nyingi, petroli nyingi. Kila kitu unaweza kukigusa kwa mkono au kukipima kwa geji ya presha.

Gereji ya kwanza niliyolipeleka ilitaka kubadilisha kigawanyio kizima, bila kupima chochote. Fundi wangu mzee alifunga geji, akasoma presha injini ikiwa baridi, akaisoma tena ikiwa moto, kisha akatoa ile pini kwa uangalifu wa mtu anayetoa mwiba jichoni. Ilikuwa na utando wa rangi ya chai. Mabaki ya petroli iliyochacha. Pini hiyo imechongwa kukaa ndani ya tundu lake bila nafasi ya uchafu wowote, na utando ule, mwembamba kuliko karatasi, ulitosha kuifanya isite. Aliisafisha, akabadilisha filta, tukasafisha na matenki. Kukohoa kukaisha. Jambo nililojifunza hapo kuhusu kuchagua fundi ni rahisi: kaa naye umwangalie kama anapima kabla ya kubadilisha.

Umeme sitausimulia kwa kirefu. Taa za mbele za gari hili zinanyanyuka kwa mota, na usiku mmoja ya kushoto ilinyanyuka, ya kulia ikabaki imelala. Karibu kila hitilafu ya umeme niliyokutana nayo ilitokana na waya wa ethi (unaounganisha umeme na bodi ya gari) wenye kutu au viungio vya kisanduku cha fyuzi vilivyolegea na kupata moto. Msasa laini, kazi ya jioni chache, na chaja ndogo ya kutunza betri gari likiwa limeegeshwa.

Kuhusu pesa nitasema mambo mawili tu. Kabla ya kununua nilitenga akiba sawa na robo ya bei ya gari kwa ajili ya matengenezo, na watu wakaniona mwoga. Iliisha kabla ya mwaka kuisha. Bila hiyo gari lingekuwa limesimama tena, likingoja mnunuzi mwingine na deni jipya juu ya la zamani. La pili: gari kama hili likizeeka linaweza kushuka bei hadi mtu wa kawaida akalifikia, lakini pampu yake, kalipa zake na kioo chake bado vina bei ya gari la kifahari. Ukilipima kwa bei ya kulinunua, umelipima kwa kipimo cha mtu anayeliuza.

Sasa niseme kuhusu kuliendesha, kwa maana hata hilo ni sehemu ya matunzo. Gia ya kwanza iko kushoto chini, nje ya mstari, na ya pili iko juu katikati. Fimbo ya gia inapita kwenye mifereji ya sahani ya chuma, na kila badiliko lina mlio wake wa chuma kugusa chuma. Asubuhi, oili ya giaboksi ikiwa baridi na nzito, gia ya pili haitaki. Unaweza kuilazimisha, nayo itaingia kwa kusaga, na kila ukisaga unakula ringi za kulandanisha gia. Wanaolijua gari wanatoka ya kwanza kwenda ya tatu kwa upole, kilomita kadhaa, mpaka oili ipate joto. Mwanzoni niliona ni usumbufu. Sasa ndio wakati ninaoupenda kuliko mwingine wowote. Situmii mizunguko mingi, naangalia mshale wa joto la maji, nasubiri ule wa joto la oili ambao huja nyuma sana, na kila baada ya muda naigusa ya pili kwa vidole viwili kuuliza kama iko tayari.

Stelingi haina msaada wa pampu. Unapoegesha mabega yanafanya kazi. Ukishapata mwendo inakuwa nyepesi, na barabara yote inakuja mikononi. Uzito mwingi uko nyuma yako, kwa hiyo ukiingia kwenye kona kwa kasi kisha ukaachia mafuta ghafla kwa hofu, mkia unataka kukutangulia. Nilijifunza hilo kwenye uwanja uliofungwa, pamoja na mwalimu, polepole. Nawaomba wote wanaoanza wafanye hivyo kabla ya kujaribu kitu chochote barabarani.

Mwaka huu ni wa tatu. Naliendesha kila wiki, na kila mara si chini ya nusu saa, ili oili ipate moto wa kutosha kuutoa unyevu uliomo ndani yake. Kuliwasha dakika tano gerejini na kulizima ni kulitia maji bila kulikausha. Uvujaji umepungua. Kalipa zilizokuwa zikinata zilitengenezwa, na hazijanata tena. Hata harufu ya ndani imebadilika: ile ya kabati lililofungwa imeondoka, imebaki ya ngozi na oili yenye joto.

Kilomita sasa ni 38,906. Kila karatasi naandika tarehe kwanza, kilomita baadaye, na orodha ya vyote vilivyoguswa, beringi na vibano vikiwemo. Mikanda itafikisha muda wake mwakani, na nimeshaagiza seti. Kuna tone la oili linalojikusanya chini ya kifuniko cha kamshafti upande wa nyuma, tone moja kwa safari mbili au tatu. Nilimwonyesha mzee wiki iliyopita. Akalifuta kwa kidole, akalinusa, akasema tuliache kwanza hadi tutakapofungua kwa ajili ya mikanda.